Usiache Mtu Anijibie

Utotoni kwetu, milimani upande wa Matombo, kulikuwa na kitambaa kimoja cheupe kilichotutisha watoto kuliko nyoka. Kilikuwa cha baba. Baba alikuwa katekista wa kigango, na kitambaa kile kilikaa ndani ya mkoba wa turubai pamoja na msalaba wa mbao, mshumaa na kichupa cha maji ya baraka. Padre alipotaka kwenda kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, baba alitangulia kwenye nyumba ile, akafagia chumba, akaomba meza au kigoda, akatandika kitambaa, akapanga vitu vyake. Mara nyingi, siku mbili tatu baadaye, nyumba hiyo iliangua kilio. Kwa hiyo tukimwona baba anapandisha kilima na mkoba begani, tuliacha mchezo na kuangalia anaelekea kwa nani.

Watu wazima nao waliogopa vilevile, ila wao hawakusema. Baba aliwakemea kila Jumapili kwamba yale ni mafuta ya wagonjwa, si ya maiti, na kwamba mtu hupakwa ili apate nguvu, wengine hata hupona kabisa. Walimwitikia, wakaenda nyumbani, wakangoja mpaka mgonjwa aanze kukoroma ndipo wakatuma mtu misheni. Baba alirudi jioni viatu mkononi, tope mpaka magotini, amenuna.

"Nimemjibia tena," alimwambia mama, kisha akaomba maji ya kunawa.

Tulijua maana yake. Padre anaposali na kumpaka mtu mafuta, ni mgonjwa mwenyewe anayeitikia Amina. Kama kinywa kimeshafunga, katekista anaitikia kwa niaba yake. Baba aliwajibia watu wengi sana kwenye vilima vile, na hakuzoea. Alisema ni sawa na kumlia mtu chakula chake mbele ya macho yake.

Kitambaa cha kwanza kilipochakaa, mimi ndiye niliyeshona cha pili. Nilikuwa nimemaliza kujifunza ushonaji mjini, na hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kumpa mtu. Mkanda wa cherehani ulilegea nikiwa upande wa nne, pindo likaenda mshazari. Baba alikitazama, akasema Mungu haangalii pindo. Lakini kuanzia siku hiyo, kila alipokitandika, upande ule aliuelekeza ukutani.

Naeleza haya yote ili ieleweke kwamba sikukosa kwa kutojua. Mtoto wa katekista hawezi kujitetea kwamba hakufundishwa.

Ugonjwa wake ulianzia mezani. Mama alikuwa ameshafariki, baba akiishi peke yake kule juu, akijipikia. Ugali ukaanza kumkwama kooni. Akahamia kwenye wali, kisha ndizi za kuponda, kisha uji, na kilichomshinda akawapa kuku, akanyamaza. Mdogo wangu, ambaye analima mpunga Dakawa, alipanda kumsalimia baada ya mavuno akakuta kuku wamenenepa na baba amebaki mifupa. Akamteremsha mjini kwangu siku hiyohiyo, na mkoba wake wa turubai mapajani.

Hospitali walimpitisha mpira wenye kamera kooni. Siku ya majibu daktari aliniita pembeni, kwenye korido, baba amekaa kwenye benchi akiongea na mzee mwenzake. Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, na hakuzunguka. Saratani ya umio, imeshasambaa, haipasuliki.

"Mtunzeni nyumbani, mama," alisema. "Tutawapa dawa ya maji ya maumivu, msimwache ateseke. Na sauti yake itaondoka, uvimbe unabana mshipa wa sauti. Kama kuna mambo anataka kuyasema, ayaseme sasa."

Nilimshukuru. Nikaenda kwenye benchi nikamwambia baba kwamba daktari amesema ni vidonda vya koo.

"Vidonda," alisema baba.

"Vidonda, baba. Vitapona kwa dawa."

Hakuuliza zaidi. Ndani ya bajaji, tunavuka daraja kurudi Mazimbu ninakoishi, aliniita kama alivyoniita tangu mdogo, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Mama," alisema, "ikifika mahali, mwite padre mapema. Usiache mtu anijibie."

"Ndiyo, baba," nilisema upesi, kama unavyomkubalia mtoto ili anyamaze.

Kwa nini sikufanya? Nimejiuliza sana, na jibu langu si zuri. Mama yangu alipakwa mafuta asubuhi, mimi nikiwa nimeshika mshumaa, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekufa. Alikuwa ameshazidiwa kabla ya padre kufika, hilo nalijua. Lakini moyo hauna akili ya hivyo. Moyo wangu ulisema: mafuta yalikuja, mama akaondoka. Na baba ndiye aliyekuwa amebaki.

Tulimlaza kwenye chumba cha mbele, kitanda karibu na dirisha. Pale aliiona milima ya Uluguru, ikiwa wazi asubuhi na imefunikwa mawingu ikifika saa tano. Alipenda kutaja kinaponyesha: sasa hivi wanalowa upande wetu, sasa imehamia bondeni. Nilimpa uji wa lishe kwa mrija, dawa kwa kijiko, na uongo kwa midomo yangu miwili.

Maana niliupamba. Mama mmoja wa kikundi cha maombi aliyekuja kushona sare za wanawe aliniambia: dada, mdomo unaumba, ukikitaja kifo umekifungulia mlango. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia hivyo. Nikapiga marufuku. Wageni niliwasimamisha barazani nikawapa masharti: hakuna kusema saratani, hakuna kusema pole kwa sauti ya msiba, hakuna kulia. Wakaingia mmoja mmoja wakichekacheka kama watu wanaopigwa picha, wakamwambia baba amenawiri, wakaondoka. Baba aliwasindikiza kwa macho.

Kikundi chenyewe kilikuja alasiri tatu mfululizo. Walisali kwa nguvu, walimshika kichwa, waliukemea ugonjwa utoke. Sitawacheka, walikuja na mvua na hawakunidai kitu. Walipoondoka nilimuuliza baba anajisikiaje.

"Wamesali vizuri," alisema. Sauti ilikuwa imeshaanza kukwaruza. "Ila hawakuniuliza nataka nini."

Mimi pia sikumuuliza.

Siku chache baadaye aliulizia mkoba. Mkoba ulikuwa kwangu. Nilikuwa nimeuchukua uvunguni mwake akiwa usingizini, nikaupeleka kibandani ninakoshonea, nikauchimbia chini ya gunia la vipande vya sare. Sikutaka kitambaa kile kilale nyumba moja naye.

"Umebaki Matombo, baba," nilimwambia.

"Nilikuja nao. Niliupakata kwenye gari."

"Labda umesahau. Hii dawa inachanganya kidogo."

Nilimwona anajikagua kichwani, anatafuta siku ile ya safari, anaipoteza. Kisha akasema taratibu, "Inawezekana." Mzee aliyekumbuka majina ya watoto wote aliowafundisha komunyo, nilimfanya atilie shaka akili yake mwenyewe. Uongo wa vidonda unanichoma, lakini huu wa mkoba ndio sijui nitauweka wapi.

Halafu paroko akaja. Jumuiya yetu ndogo ilikuwa imempa habari, na sikuwa nimemwalika. Nilisikia pikipiki yake langoni nikawahi kutoka, nikaufunga mlango wa chumba nyuma yangu. Alikuwa na mkoba mdogo wa ngozi kifuani, na nilijua kilichokuwa ndani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Karibu, Padre."

"Mzee wetu anaendeleaje? Nimeona nipite nimpe huduma."

"Amelala, Padre. Hajalala usingizi mzuri hivi kwa wiki nzima. Amepata nafuu sana, nashukuru Mungu. Nitakuita mwenyewe akiwa na nguvu kidogo."

Nilimkaribisha chai barazani. Alikunywa, akanitazama mimi zaidi kuliko alivyotazama kikombe, akasema, "Mpako si wa mwisho, unajua hilo." Nikasema najua, baba yangu katekista. Akabariki nyumba kutoka pale alipokaa, akawasha pikipiki, akaenda.

Niliporudi ndani, baba alikuwa macho. Amejiinua kwa kiwiko, uso ameuelekeza mlangoni, na kwa mkono alikuwa amejifunga kifungo cha juu cha shati. Alikuwa anajiandaa kupokea mgeni.

"Alikuwa padre," alisema. Hakuwa anauliza.

"Alikuwa anapita tu, baba. Ana safari."

Baba alikifungua kile kifungo, akalala, akageukia dirisha. Siku ile alikuwa na sauti. Ya kukwaruza, ya kunong'ona, lakini ya kutosha neno moja fupi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na mimi nilikuwa nimekaa barazani namnywesha padre chai.

Wiki mbili zilizofuata sauti ilipungua. Asubuhi alikuwa na maneno matatu manne, mchana mawili, jioni alionyesha kwa kidole. Sikuliona hilo kama onyo. Nilijiambia anapumzisha koo.

Aliyetuvunja ni mtani.

Sisi Waluguru kila ukoo, kila lukolo, una ukoo mwingine wa kutaniana nao. Mtani wako ndiye anayekucheka ukiwa na shida, anayekuchimbia kaburi, anayekuambia usoni jambo ambalo ndugu wa damu hawezi. Huwezi kumkasirikia, ukikasirika umekosa wewe. Mtani wa baba aliyekuwa mjini ni mama mmoja wa makamo, mwanakijiji mwenzetu, Mwislamu, anauza karoti na kabichi sokoni. Alikuja na ushungi wake na kapu la mapera, na kwa kuwa nilikuwa jikoni hakusimama barazani kusikia masharti. Aliingia moja kwa moja, akajishika kiuno.

"Ewe mzee!" alisema. "Mbona unatuchelewesha? Nimeshaazima masufuria ya pilau, wapishi wanangoja, wewe bado unakodoa macho tu dirishani?"

Nilisikia kutoka jikoni, mwiko ukaniponyoka.

"Na koti lile la kijivu usije ukavaa kwenda nalo," aliendelea, "lile la kwangu. Nitalivaa siku ya kukuzika, nitembee na mikono nyuma kama wewe. Kaburi lako nitasimamia mwenyewe, kipimo kifupi, maana umebaki kama muhogo wa kiangazi."

Nikaingia mbio. "Toka! Toka nyumbani kwangu! Nani kakuambia habari za kaburi? Mgonjwa ana vidonda vya koo, wewe unamletea uchuro!"

Hakushtuka hata kidogo. "Mtani hafukuzwi, mwanangu," alisema. "Anaondoka akishamaliza."

Ndipo nikasikia pumzi zikikatikakatika, nikageuka nikidhani baba anakabwa. Alikuwa anacheka. Kicheko chake hakikuwa na sauti, mabega tu yalikuwa yanaruka, na machozi yanashuka kwenye mifereji ya mashavu. Sikuwa nimemwona akicheka tangu alipoteremka mlimani. Alinyoosha mkono, mtani akaushika, akakaa kitandani bila kuombwa.

"Mwache," baba aliniambia. Ilibidi niiname kumsikia. "Yeye ndiye kaniambia."

Nilikaa sakafuni palepale. Yule mama aliendelea kumshika mkono, sasa bila mzaha, akimpapasa vidole kimoja kimoja. Baba alikusanya pumzi, ikachukua muda, akanitazama mimi na si yeye.

"Kitambaa," alisema.

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kinywani mwa baba yangu.

Nilikimbia kibandani, nikalipindua gunia, vipande vya sare vikatapakaa mpaka barabarani. Nilirudi na mkoba nikauweka kifuani pake. Aligusa kamba yake, akagusa kifungo cha mkanda wake, na akanitazama kwa muda mrefu. Nilitegemea hasira. Afadhali ingekuwa hasira. Alikuwa anatazama kama mtu aliyerudishiwa akili yake na yule aliyemwibia.

Nilimpigia paroko simu. Alikuwa amepanda vigangoni, milima ya juu, mvua imekata barabara na pikipiki haishuki. Mapadre wengine wote walikuwa kwenye mkutano wa mbali. "Nashuka kesho kwa miguu," alisema, na kesho yake mto ukamzuia. Kwa miaka mingi baba alikuwa akivuka mito ileile kwa ajili ya wagonjwa wa watu wengine. Mtani alihamia kwangu. Asubuhi ya siku ya pili nilimsalimu baba, "Shikamoo, baba," nikaona midomo inajibu marahaba, lakini hakikutoka hata kinong'ono. Akajaribu tena. Akafumba macho.

Paroko alifika siku ya tatu mchana, suruali imelowa mpaka mapajani. Mimi ndiye niliyefagia chumba. Nilileta kigoda, nikatandika kitambaa, nikapanga msalaba, mshumaa na maji kama nilivyomwona baba akipanga. Mikono iliujua mpangilio kuliko nilivyofikiri. Upande wenye pindo baya niliuelekeza ukutani, na baba aliona.

Padre alituomba tutoke ili amsikilize maungamo. Nilisimama uani na mtani. Huwa watu husogea mbali kwa heshima, wasije wakasikia siri. Sisi hatukuwa na haja ya kusogea. Hakukuwa na cha kusikia, ila sauti ya padre pekee, inauliza, inanyamaza, inauliza tena. Baadaye nilijua kwamba baba alijibu kwa kumminya mkono. Mtu aliyefundisha watu kuungama kwa maneno kamili, bila kuficha na bila kuzungusha, aliungama kwa kidole.

Tulipoitwa ndani, padre alimwekea mikono kichwani, akakaa kimya kitambo. Kisha akachovya kidole kwenye mafuta, akampaka kwenye paji la uso kwa ishara ya msalaba, akasali. Sala ikaisha. Padre akangoja.

Baba alifungua kinywa. Niliona shingo yake ikikaza, mishipa yote miwili ikasimama, ulimi ukainuka. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, macho yametoka, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa kwa nje. Halafu akaacha. Aligeuza kichwa akanitazama mimi.

Nilijua anachoomba na sikutaka. Mtu asinione mkaidi bure. Neno lenyewe ni fupi, nalisema kila siku nikimaliza kula. Lakini kulisema pale ilikuwa ni kukubali, na tangu korido ya hospitali sikuwa nimekubali hata mara moja. Ilikuwa pia ni kukiri kwamba nimemvunjia ahadi, mbele yake, kwa mdomo uleule uliomwahidi ndani ya bajaji. Padre alingoja. Mshumaa ulikuwa unavuja kwenye kitambaa.

"Amina," nilisema.

Padre akampaka viganjani, akasali tena.

"Amina," nilisema. Mtani naye, nyuma yangu, na ushungi wake, akaitikia, "Amin."

Ndugu zangu wanasimulia kwamba ile ya pili baba aliitikia mwenyewe, kwamba walisikia. Hawakuwepo. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake shavuni, na sikusikia kitu. Nawaacha waamini, wana haki ya kufarijika. Lakini mimi ndiye niliyemjibia baba yangu.

Komunyo ilikuwa kipande kidogo kama chembe ya mchele, kwa kijiko cha maji, na alikimeza. Ilimchukua muda na uso ulijikunja kwa maumivu, lakini kilishuka.

Padre alipoondoka nilikaa kitandani. Sikuwa na maneno ya maana. Nilimwambia, "Baba, unakufa, na mimi naogopa. Nilikudanganya kwa sababu naogopa. Padre alikuja una sauti na mimi nikamrudisha. Nisamehe." Aliinua mkono uliokuwa bado una mafuta, akaniwekea kichwani. Ukakaa pale. Mkono ulikuwa mwepesi sana. Nililia kwa sauti ya msiba kabisa, ile niliyoipiga marufuku, na mtani hakunizuia.

Aliishi siku tisa. Nasema bila aibu kwamba zile siku tisa nyumba yangu ilipona. Saratani haikupona hata kidogo, aliendelea kukauka na dawa ikabidi iongezwe. Lakini wageni waliingia wakalia waliotaka kulia. Mdogo wangu aliketi naye siku nzima akimweleza makosa yake ya ujana, na baba akimpiga kibao cha mzaha begani. Shangazi aliteremka kutoka Matombo wakapanga kwa ishara mahali pa kaburi, kwenye ardhi ya lukolo yao, karibu na mama yao. Baba alionyesha kwa kiganja mteremko, akionya watu wasiteleze. Alikuwa na raha. Kila nilipoiona raha ile nilihesabu siku ambazo angeweza kuwa nayo huku ana sauti, nikashindwa kufurahi naye.

Alikufa asubuhi, mlima ukiwa wazi.

Tulimpandisha kwa gari mpaka barabara ilipokataa, kisha mabegani. Watani walikuwa wameshachimba. Na mtani wetu alitimiza ahadi yake: alitokea kwenye kundi la waombolezaji amevaa lile koti la kijivu juu ya kanga, mikono nyuma, anatembea kwa hatua za baba, anakohoa kikohozi cha baba. Alishika daftari la mafundisho. Akaanza kuwauliza watu wazima amri za Mungu, na waliokosea akawapiga kichwani na daftari. Watu walicheka huku makamasi yakiwatoka. Sauti aliiweza, ile ya zamani, ya kabla ya ugonjwa, nzito na ya kukaripia.

Akaja mpaka mbele yangu, akasimama.

"Na wewe," alisema kwa sauti ile. "Nani alikuambia umnyweshe padre chai barazani?"

Watu wakacheka zaidi, wakidhani ni mzaha kama mwingine. Walioelewa tulikuwa wawili tu.

"Nisamehe, baba," nilimwambia.

"Piga magoti. Vuta hayo majani, usafishe njia ya mwenzako atakayefuata."

Nilipiga magoti kwenye tope nikang'oa majani kando ya kaburi kwa mikono yangu miwili, na watu wakapiga vigelegele.

Mkoba ulibaki kwangu. Katika jumuiya yetu ya Mazimbu sasa mimi ndiye ninayetangulia kwenye nyumba ya mgonjwa. Watu wananiogopa nikiwa nao begani, naona wanavyoacha mazungumzo. Sinuni kama baba, mimi nagombana. Mwaka huu, baada ya Pasaka, nilifika kwa bibi mmoja mwenye moyo uliochoka, na binti yake akanisimamisha barazani na kikombe cha chai. Mama amelala, alisema. Ana nafuu. Sikukipokea kile kikombe.

"Leo," nilimwambia. "Angali na sauti."

Alinichukia, nililiona. Lakini alinipisha. Nilitandika kitambaa, nikakilainisha kwenye lile doa la nta ambalo sikulitoa. Padre akaingia, akampaka bibi mafuta kwenye paji la uso, akasali, akanyamaza. Nilikuwa nimeshafungua kinywa, kwa mazoea.

"Amina!" alisema bibi, kwa nguvu kama anaitwa shuleni, na kabla padre hajafika viganjani akaisema tena.

Binti yake alijifunika uso kwa kanga, analia na kucheka. Mimi nilifunga kinywa changu. Nilimwonea wivu binti yule kwa moyo wangu wote. Kisha nikangoja sala iishe, nikazima mshumaa, nikakunja kitambaa cha baba.